Nani kaamua tochi ikae hapa?

Malalamiko ya madereva kuhusu tochi, kifaa cha polisi cha kupimia mwendo wa magari, huanzia mahali pamoja: askari alikuwa amejificha. Alikuwa nyuma ya mwembe, au kichakani, au ndani ya gari la kiraia lililoegeshwa pembeni kama limeharibika. Na jibu la polisi nalo limezoeleka: ungefuata kibao, wala usingehangaika askari yuko wapi. Mabishano haya yana miaka sasa na hayajamsaidia mtu, kwa sababu pande zote mbili zimeng'ang'ania jambo dogo. Jambo kubwa ni swali ambalo ni nadra kuulizwa. Nani aliamua tochi ikae pale, siku ile, saa ile, na kwa sababu gani?

Niseme mapema ninaposimama, maana makala za tochi huwa zinachukuliwa kuwa ni za kutetea wakimbizaji. Mwendo unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Shirika hilohilo linasema mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye mwendo wa 65 yuko hatarini kufa mara nne na nusu zaidi ya anayegongwa na gari lililo kwenye 50. Tofauti ya kilomita 15 tu kwa saa, ambayo dereva wa gari zuri kwenye lami mpya hata haisikii mwilini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari lililo kwenye 50 linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga breki, kisha uongeze umbali wa gari kusimama kwenye lami kavu na breki nzima: unapata mita 28 hivi. Kwenye 80, umbali huo unakuwa mita 57, mara mbili hivi. Mtoto aliyeingia barabarani mita 40 mbele yako, kwenye 50 unamkuta bado amesimama na wewe umesimama. Kwenye 80 unampitia ukiwa bado na mwendo mkubwa. Kwa hiyo sina ugomvi na kibao cha 50, wala na kifaa kinachopima nani kakivunja. Ugomvi wangu ni juu ya mahali.

Chukua barabara ya Chalinze hadi Segera. Vijiji na vimiji vinafuatana: Lugoba, Msata, Mbwewe, Mkata, Kabuku, na vingine vidogo katikati. Karibu kila kimoja kina kibao cha 50 upande huu na kibao cha kumaliza hamsini upande ule, na dereva anayekwenda Tanga au Moshi anaishi safari nzima kwa kupanda na kushuka gia kati ya vibao hivyo. Ndani ya hamsini moja, yaani kati ya kibao na kibao, kuna sehemu mbili zilizo tofauti kabisa. Kuna katikati ya kijiji, palipo na stendi ndogo, wauza machungwa na mahindi ya kuchoma, bodaboda wanaogeuza bila kuangalia, njia ya wanafunzi kuvuka kwenda shule iliyo ng'ambo, na bomba la maji ambalo kwa bahati mbaya limewekwa upande ambao nyumba nyingi hazipo. Halafu kuna mkia wa hamsini. Nyumba zimeisha, kulia mkonge au kichaka, kushoto kichaka, barabara imenyooka na inateremka kidogo, na kibao cha kumaliza kinaonekana mbele. Mguu wa dereva unaanza kushuka wenyewe kwenye mafuta.

Tochi inakaa wapi? Ukisafiri barabara zetu kuu kwa kawaida utaikuta mkiani. Sababu inaeleweka. Pale katikati ya kijiji magari yanapunguza yenyewe, kwa sababu kuna matuta, kuna rasta, kuna watu, na dereva anaona kwa macho yake kwa nini apunguze. Ukipima pale kwa saa nzima utapata wachache. Mkiani utapata wengi, tena waliokuwa waangalifu dakika mbili zilizopita. Aliyepita mbele ya shule kwa 48 anakamatwa kwa 61 mita mia moja kabla ya kibao cha kumaliza, mahali ambapo hajavuka hata mbuzi.

Ni kweli kavunja sheria, na sheria haisemi kwamba mkia una uzito mdogo kuliko kichwa. Lakini faini inapokusanywa pale ambapo hatari ni ndogo na makosa ni mengi, wakati palipo na hatari kubwa na makosa machache hapana mtu, dereva anajifunza somo baya. Anajifunza kwamba kazi ya tochi ni mapato. Na akishaamini hivyo, hata siku atakayoikuta mbele ya shule hataielewa. Ataiona kama mtego mwingine, atamwashia taa mwenzake anayekuja, na wote wawili watajisikia wamefanya wema.

Simlaumu askari mmoja mmoja aliyesimama juani tangu asubuhi na kifaa mkononi. Anafanya anachopimwa nacho. Sikiliza taarifa zinazotolewa kwa waandishi wa habari kila mwaka unapoisha au wiki ya nenda kwa usalama inapofika: makosa kadhaa yamekamatwa, shilingi kadhaa zimekusanywa. Takwimu za vifo hutajwa pia, lakini kwa mkoa mzima au taifa zima, hazitajwi kwa kipande cha barabara ambacho tochi ilikaa. Kwa hiyo hatujui kama mwaka mzima wa kumulika pale mkiani uliokoa mtu. Tunajua tu uliingiza kiasi gani. Mpe mtu yeyote kipimo cha namna hiyo, atakwenda kusimama kwenye samaki wengi.

Halafu kuna vibao vyenyewe. Vya chuma huibwa na kuuzwa chakavu, vingine hugongwa na malori na kulala kwenye nyasi msimu mzima, vingine vimefunikwa na matawi. Kuna vijiji vilivyokua kilomita nzima kufuata barabara tangu kibao kiwekwe, kwa hiyo nyumba na genge viko nje ya hamsini na pori liko ndani yake. Mwenye jukumu la kibao ni wakala wa barabara, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za wilaya na mitaa. Mwenye tochi ni polisi. Dereva anakaa katikati ya ofisi mbili, na ile inayomtoza siyo iliyoacha kibao kianguke. Haki ya msingi kabisa hapa ni kwamba tochi isifanye kazi siku ambayo kibao hakipo, na askari kabla ya kuanza zamu apige picha vibao vyote viwili, cha kuanzia na cha kumalizia. Ni kazi ya dakika kumi.

Nirudi kwenye kujificha, kwa sababu hapa natofautiana na madereva wenzangu wengi. Wanataka tochi iwe wazi daima, askari avae kizibao chake kinachong'aa na asimame peupe. Ukiitazama kwa makini, tochi iliyo wazi inapunguza mwendo hapo ilipo tu. Magari yanashuka hadi 50 mita mia tatu kabla, yanapita kwa adabu, kisha yanapaa, na wengine wanakimbia zaidi kufidia muda. Kwa kupeana ishara za taa na ujumbe wa makundi ya WhatsApp ya madereva, kila mtu kutoka Chalinze hadi Segera anajua saa hizi tochi ziko wapi. Tochi isiyojulikana ilipo inafanya kazi nyingine: inamfanya dereva afuate kibao popote kilipo, kwa kuwa hana uhakika. Hoja hiyo ya polisi ina nguvu na sioni sababu ya kuikana.

Ila nguvu hiyo inategemea sharti moja. Kujificha kunakubalika kama mahali penyewe pana sababu inayoweza kusemwa hadharani. Askari akijibanza karibu na kivuko cha wanafunzi saa moja asubuhi, nitamtetea mbele ya yeyote. Akijibanza kwenye mteremko usio na nyumba, kujificha kwake ndiko kunakothibitisha alichokwenda kutafuta.

Nchi nyingine zimepita njia hii na zimeamua kwa namna tofauti. Sweden ina zaidi ya kamera 2,000 kwenye barabara zake za mashambani, zina vibao vya kutangulia vinavyomwambia dereva kamera iko mbele, na nyingi hazipigi picha muda wote. Wao wametaka mwendo ushuke kwenye barabara nzima inayoua, na kiasi cha faini si kipimo chao. Uingereza ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kamera, kuanzia mwaka 2000, iliandika vigezo. Ili kamera ya kuhamahama iwekwe mahali, ilibidi pawe na angalau ajali mbili za kuua au kujeruhi vibaya kwa kila kilomita ndani ya miaka mitatu, na ushahidi kwamba magari yanazidisha mwendo. Kamera ya kudumu ilitaka ajali nne. Mwishoni mwa 2001 ikaamuliwa zipakwe rangi ya njano. Fedha za faini zilikuwa zinarudi kulipia mpango wenyewe, na mwaka 2007 utaratibu huo wa fedha ukafutwa, kwa sehemu kwa sababu uliwapa watu neno la kusema kwamba kamera zinajilisha zenyewe.

Uchunguzi uliofanyiwa mpango huo mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliokufa au kuumia vibaya kwenye maeneo ya kamera walipungua kwa asilimia 42. Lakini wachunguzi wenyewe walikubali kwamba si upungufu wote ulitokana na kamera, na hapa pana funzo kwetu. Ukichagua mahali kwa kuangalia mwaka uliokuwa mbaya sana, mwaka unaofuata ajali zitapungua hata usipofanya lolote, kwa sababu mwaka mbaya kupita kiasi haujirudii kirahisi. Mkuu wa kikosi anayetangaza kwamba tangu tochi iwekwe mahali fulani vifo vimeshuka kwa nusu anaweza kuwa anasema kweli, na bado tochi isihusike. Ndiyo maana inatakiwa miaka mitatu au zaidi ya kumbukumbu, na kipande kingine kinachofanana nacho kisicho na tochi cha kulinganishia.

Karibu zaidi na kwetu ni Rwanda. Kamera zao za mwendo wananchi walizipa jina la Sophia, kwa kumbukumbu ya roboti wa jina hilo aliyetembelea Kigali mwaka 2019. Faini ya mwendo ilikuwa faranga 25,000. Watu walilalamika kwamba kamera zinakaa kwenye barabara pana zenye vibao vya 40 ambavyo hakuna aliyeelewa sababu yake, na kwamba zinawekwa kwa kuvizia. Mwishoni mwa 2021 Rais Paul Kagame aliyasema hayo hadharani, kwamba vikomo vingine viko chini mno na kwamba utafutwe uwiano. Nchi yenye sifa ya nidhamu barabarani kuliko sisi sote ilifika mahali rais azungumzie kibao cha 40. Hiyo inaonyesha kwamba hata palipo na kamera za kisasa, raia hukubali adhabu akiona sababu ya kikomo na sababu ya mahali.

Kwetu kuna shida nyingine, ya ushahidi. Dereva wa Noah anasimamishwa na trafiki wawili kwenye kizuizi. Hajaona tochi popote. Anaonyeshwa simu: picha iliyotumwa kwa WhatsApp na askari aliye kilomita kadhaa nyuma, uso wa gari lake, namba inasomeka, tarehe, saa, umbali kutoka kwenye kifaa kwa mita, na tarakimu 64. Nyuma ya gari yanaonekana majani na kipande cha lami. Anauliza, hapa ni wapi? Anajibiwa kwa mdomo: ndani ya hamsini. Pengine ni kweli. Lakini kosa zima linategemea mita hizo, kabla au baada ya kibao cha kumaliza, na ndicho kitu ambacho hana njia ya kukihakiki kutoka kwenye majani yale. Simu ya kawaida leo inaandika mahali picha ilipopigwa. Kifaa kinachomtoza mtu shilingi 30,000 kifanye hivyo pia, na mahali hapo paandikwe kwenye karatasi ya faini pamoja na kumbukumbu namba ya malipo.

Vivyo hivyo kwa usahihi wa kifaa chenyewe. Mizani ya muuza nyama inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ambayo mteja yeyote anaweza kuisoma, na pampu ya petroli vilevile. Tochi nayo ni kipimo. Dereva awe na haki ya kuona ilihakikiwa lini na nani, bila kuambiwa anabishana na askari. Sheria inamruhusu kukataa faini ya papo hapo na kwenda mahakamani, lakini mwenye abiria sitini ndani ya basi hatageuza kurudi mahakama ya wilaya kudai haki ya shilingi 30,000. Analipa, ananyamaza, na chuki yake anaondoka nayo.

Faini hiyo ni ileile kwa aliyekwenda 56 na aliyekwenda 110 mbele ya zahanati. Kenya, kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, imegawa ngazi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10 shilingi 500 za huko, 11 hadi 15 shilingi 3,000, 16 hadi 20 shilingi 10,000. Mtu anaweza kubishania viwango, lakini ngazi zenyewe zinasema kitu ambacho sisi hatujakisema, kwamba kosa dogo na kosa la kuua si kitu kimoja.

Na saa. Mwaka 2023 serikali iliondoa katazo la mabasi kusafiri usiku lililodumu tangu miaka ya 1990, na sasa mabasi yanakimbia saa 24. Nilikuwa naunga mkono na bado naunga mkono. Lakini tochi nyingi zimebaki na ratiba ya mchana. Saa nane usiku, barabara tupu, dereva kachoka, lori limeegeshwa bila taa wala pembetatu, na kijiji ambacho mchana kilikuwa na tochi mkiani hakina mtu hata mmoja wa kupima. Kwa mabasi jibu tunalo tayari: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wa VTS unaofuatilia mwendo wa basi njia nzima, usiku na mchana, kijijini na porini. Basi lenye kifaa hicho halihitaji kuviziwa kichakani. Rekodi yake ya safari inatosha kumwita mmiliki aeleze, na ni vizuri aitwe mmiliki, maana dereva aliyepangiwa muda usiowezekana au hesabu isiyofikika anakimbia kwa amri ya mtu aliyelala nyumbani.

Barabara za mitaa ndani ya miji nazo zina mambo yake. Huko wanaogongwa wengi wako kwa miguu, na watoto wanakwenda shule wakitembea pembezoni mwa lami isiyo na njia ya miguu. Askari mwenye tochi hawezi kukaa kila mtaa. Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend lilianzisha mpango wa SARSAI: shule zenye wanafunzi wengi wanaogongwa zinatambuliwa, kisha mbele yake yanawekwa matuta, njia za miguu, vizuizi na vivuko vyenye alama za pundamilia. Utafiti ulionyesha majeraha miongoni mwa wanafunzi yalipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross ya miji. Kinachonivutia ni jinsi shule zilivyochaguliwa. Walianza kwa kuuliza watoto wanagongwa wapi. Tuta lilifuata jibu, na tuta halina zamu, halina chai, linafanya kazi usiku na siku ya Jumapili.

Swali lilelile linawezekana kwa tochi. Polisi wana kumbukumbu za ajali, kila kituo kina kitabu chake. Mkoa wa Pwani, unaopitiwa na magari ya kaskazini, kusini na nyanda za juu, ungefaa kuanza. Kamati ya usalama barabarani ya mkoa, polisi, TANROADS, TARURA, LATRA na wawakilishi wa madereva wakae na kumbukumbu za miaka mitatu, wataje vipande vinavyoua, watembelee kila kimoja kuona kama tatizo ni mwendo, au ni kona, au ni kivuko kisichokuwepo. Pale ambapo ni mwendo, tochi iende, na ijifiche ikitaka. Orodha ya vipande ibandikwe kwenye stendi na kutangazwa redioni, bila kutaja siku wala saa. Tochi nje ya orodha iwe na maelezo ya maandishi ya mkuu wa kikosi. Na mwisho wa mwaka, mkoa utangaze kwa kila kipande mwendo wa wastani wa magari na idadi ya waliokufa na kujeruhiwa, kabla na baada, na shilingi zilizokusanywa ziandikwe mwisho kabisa wa taarifa.